Hamali hapakui gunia lililoko gatini

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Natunza tovuti ya nyumba moja ya wageni hapa Shela. Juzi nilimwandikia mwenye nyumba, naye yuko Mombasa: “Nimepakua saitimapu kwenye tovuti, nimechek, iko sawa.” Akanipigia simu kwa hofu, akitaka kujua kwa nini nimeiondoa. Nimekosea wapi? Na hiyo saitimapu inafaa kuitwa ramani ya tovuti, ilhali haina mchoro wowote?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mwenye nyumba alisoma ulichoandika, si ulichokusudia, na ulichoandika ndicho kilichomtia hofu.

Nianze na la pili, maana ni jepesi. Ramani ni neno la bahari. Asili yake ni Kiajemi, rahnama, yaani kionyesha njia, na manahodha wa Kiarabu waliita rahmani daftari lao la safari: bandari gani iko wapi, nyota gani ya kufuata, dalili gani za pwani za kutazamia. Lilikuwa maandishi. Na saitimapu yako ni nini kama si hayo? Ni faili ya maandishi yenye orodha ya anwani za kurasa, ili roboti za Google na za wengineo, yaani programu zinazozunguka zikisoma tovuti, zijue pa kupita. Iite ramani ya tovuti bila wasiwasi.

Sasa pakua.

Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi, kwa waandishi, kwa maofisa wenye vyeo, na kila nikilikuta linaniuma upya. Ofisi moja iliwahi kunitumia ujumbe: “Tafadhali pakua makala yako kwenye tovuti yetu kabla ya Ijumaa.” Nikaifungua tovuti yao, nikaitafuta makala niipakue, nisiione. Nikadhani wamekwisha kuitoa, nikanyamaza. Kumbe wao walikuwa wakiningojea mimi niwapelekee! Ijumaa ikapita na makala haikutoka, kwa silabi moja tu iliyokaa mahali pa mwenzake: waliandika pakua walipotaka pakia.

Kiswahili kina jozi za vitenzi ambamo -ua hutengua kilichotendwa. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunabandika na kubandua. Ndugu wa karibu kabisa wa pakia na pakua ni fukia na fukua, wamefanana hadi sauti. Anayeona pakia na pakua ni mamoja, na aende makaburini siku ya maziko, awaambie wenye majembe wafukue pale walipotakiwa kufukia. Ataona kama ni mamoja.

Kwetu Amu, yaani Lamu, hatuna udhuru wa kulikosea neno hili, kwa kuwa mji wetu unaishi kwalo. Fuata gunia moja la mchele kutoka Mombasa. Linapakiwa kwenye lori. Lori likifika gatini Mokowe, ng'ambo ya kisiwa chetu, linapakuliwa, gunia likapakiwa mashuani. Mashua ikivuka na kufunga Amu, inapakuliwa. Vichochoro vya mji havipitishi gari, basi gunia linapakiwa juu ya punda, na punda akifika mlangoni kwa mwenye duka, anapakuliwa. Gunia ni lile lile, limepakiwa mara tatu na kupakuliwa mara tatu, na katika safari yote hiyo hutamkuta hamali hata mmoja aliyechanganya. Simama Mokowe umwambie, huku magunia yamelala gatini na mashua iko tupu, “Pakua mchele.” Atatazama ndani ya mashua, asione mchele, akutazame wewe. Huyo huenda hajawahi kushika kompyuta, lakini Kiswahili cha kompyuta anakijua kuliko wengi wanaokifundisha.

Najua hoja itakayoletwa, maana nimeshaletewa. Watasema mama hupakua wali akawawekea wageni. Basi na mimi nikiweka faili kwenye tovuti watu waione, nimewapakulia. Hoja ina utamu wake, lakini imekosea chungu. Kupakua kunatazama chombo kinachotolewa kitu. Wali ulikuwa sufuriani, unatolewa. Katika habari hii sufuria ni seva, kompyuta ile inayohifadhi tovuti yako, na kila mgeni anayekuja na kivinjari chake huchota humo. Kabla hajachota, lazima mtu awe ametia. Aliyetia ni wewe. Hukupakua, umepakia.

Na uone lilivyo zuri jambo hili. Ukishaipakia ramani yako, roboti ya Google huja ikaipakua, ikaisoma, ikajua kurasa zako. Faili ni moja na vitenzi ni viwili, kwa sababu watendaji ni wawili. Uliposema “nimepakua” uliiba kazi ya roboti na ukaacha yako haijatajwa. Mwenye nyumba akabaki na maana mbili tu za kuchagua: ama umeitoa faili kwenye tovuti, ama umechukua nakala ukaiweka kwako. Katika zote mbili hakuna ramani iliyopelekwa popote.

Linakuja neno lako la tatu, nimechek. Hapa sina ugomvi mkubwa, ila tuna maneno mawili yanayofanya kazi tofauti na ni hasara kuyatupa. Kukagua ni kutazama kitu kwa makini. Kuhakikisha ni kufikia yakini. Unaweza kukagua ukatoka na shaka, na mara nyingi ndivyo ilivyo kwa ramani za tovuti, maana mzigo kupakiwa si mzigo kufika.

Ulikagua vipi? Kama ulitazama tu ile alama ya kijani inayosema faili imekwenda, hukukagua. Fungua kivinjari, andika anwani kamili ya tovuti yako, umalizie na sitemap.xml, au jina lolote uliloipa faili. Ukikutana na 404, nambari ya kusema ukurasa haukupatikana, basi haipo hapo ulipodhani. Aghalabu imewekwa ndani ya folda nyingine badala ya kwenye mzizi wa tovuti, folda yake ya juu kabisa. Yakija maandishi, yasome: kila anwani iwe kamili, ianze na https, na iwe ya tovuti yako kweli, si ya tovuti ya majaribio iliyosahauliwa humo. Kikomo cha ramani moja ni anwani 50,000 na MB 50 kabla ya kubanwa, kwa hiyo nyumba ya wageni haina haja ya kukihofia. Tia mstari wa kuitaja ramani katika robots.txt, faili inayoziambia roboti pa kupita na pa kutopita, kisha iwasilishe kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ungoje ripoti. Ripoti ikisema ramani imesomwa na kukupa idadi ya kurasa zilizopatikana ndani yake, hapo sema umehakikisha kuwa imefika. Hata hivyo usimwahidi mwenye nyumba kwamba kurasa zote zitaonekana kwenye utafutaji. Ramani huonyesha njia, haimlazimishi mtu kusafiri.

Umegundua ulichofanya ulipoifungua ile anwani kwenye kivinjari? Uliipakua. Faili ilitoka kwenye seva ikaja kwako uisome. Namna ya kujua kama umepakia sawasawa ni kupakua ulichopakia ukakitazama. Mtu aliyevichanganya vitenzi hivi hawezi hata kuueleza ukaguzi wake mwenyewe, na ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba ni tofauti ndogo.

Kuna na lile “inapakia” linalotokea kwenye simu zetu wakati ukurasa haujafunguka. Inapakia nini, na wapi? Hapo mzigo unakuja kwetu, hautoki kwetu. “Inafunguka” ingetosha na isingemchanganya mtu. Lakini neno hilo limeshazagaa, wajukuu wangu wanalisoma kila siku, nami nimechoka kulipigia kelele. Na liwe.

Pakua ya kupeleka, hiyo siiachii. Ukiona pakia ni zito mdomoni, sema umeaplodi. Nasema haya mimi ninayependa Kiswahili kitosheke na chake. Kuaplodi ni neno la kuazima, lakini halidanganyi: anayelijua ataelewa, asiyelijua atauliza. Pakua iliyogeuzwa huwadanganya wale hasa wanaojua lugha.

Mwandikie tena mwenye nyumba leo, asilale na hofu: “Nimepakia ramani ya tovuti. Nimeifungua kwenye kivinjari nikaikagua, anwani zote ni kamili. Nimeiwasilisha Google, nangoja ripoti ili nihakikishe imesomwa.”