Beji 200 za timu ya roboti ya shule: mnunue mashine au mpeleke kwa fundi?

Mkuu umesema vijana wako wa klabu ya roboti wanataka beji 200, zile za duara za kubana na pini nyuma, wakagawe siku ya mashindano, hela yenyewe ya kuungaunga, na unauliza upeleke kwa watu wa printi au mnunue mashine mfanye wenyewe. Wengi hapo juu wamekujibu "nunua mashine" kirahisi tu kama wanakuagiza chai. Mimi nimelea klabu kama yako miaka minne na hiyo mashine ninayo, ngoja nikupe ya kwangu maana kuna sehemu nilichemka vibaya sana.

Kwanza usiwaone madogo wana mambo ya kitoto. Hii kitu wameitoa kwenye mashindano ya roboti ya FIRST ya Marekani, yale ya mvumbuzi Dean Kamen yaliyochezwa mara ya kwanza 1992, kule timu zinakuja na beji zao zinabadilishana, unakuta mtoto kavaa kizibao kimejaa beji hadi kitambaa hakionekani. Halafu tangu 2017 kuna FIRST Global, ya dunia nzima, kila nchi inapeleka timu moja, ndo vijana wangu wakaona kwenye video wenzao wanapeana beji, basi nikasumbuliwa muhula mzima. Na kusema ukweli wana pointi, mtu akishakupa beji yake mnaanza kuongea hata kama roboti yako imekataa kuwaka.

Sasa jibu la swali lako. Kama ni 200 za mara moja na basi, usinunue mashine, azima. Ulizia shule jirani, kanisani, kwa watu wa sherehe na harusi, siku hizi mashine za mkono zimesambaa. Mimi ilinitoka laki tatu na ushee kuiagiza, ikaja na vifaa vya beji 500, ikawa na maana kwa sababu tunafanya kila mwaka na tunauza kwenye mahafali. Kupeleka kwa fundi nako sio vibaya, Kariakoo watu wapo, ila ujue beji 200 kwao ni oda ndogo, utapangwa nyuma ya mwenye kofia na fulana elfu tatu, na ukimpelekea dizaini mbovu atakutengenezea beji mbovu bila kukuambia kitu.

Twende kwenye beji yenyewe. Vitu ni vinne tu: kibati cha juu, karatasi yako iliyoprintiwa, nailoni nyembamba inayong'aa juu ya karatasi, na mgongo wenye pini. Mashine inakunja kingo za karatasi na nailoni kuingia ndani ya kibati, halafu inafungia mgongo. Basi. Mfumo huu ni wa zamani mno, kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark kule New Jersey ilipata hataza yake 1896, na mwaka huo huo wagombea urais wa Marekani wakajaza beji nchi nzima. Wakati ule juu walikuwa wanaweka seluloidi (plastiki ya kizamani) badala ya nailoni ya sasa, ila mtu wa enzi zile ukimweka mbele ya mashine yangu leo anaanza kazi.

Kimeo cha kwanza nilichokipata ni saizi. Mashine yangu ni ya milimita 58, vifaa vikaisha, nikaona mtu mtandaoni anauza vya inchi mbili na robo, nikajisemea si ndo ile ile, inchi mbili na robo ni kama 57, milimita moja itanifanya nini. Nikaagiza vya 250. Milimita moja bwana! Mgongo unaingia unacheza, ukiubinya unatoka, beji inafunguka mkononi kama kizibo cha soda. Yule muuzaji akaniambia mzigo ukishafunguliwa haurudi. Hadi leo mfuko uko stoo, nikiuona nageuza uso. Kwa hiyo ukiazima mashine muulize mwenyewe saizi gani na vifaa alichukua wapi, na uchukue huko huko.

Dizaini sasa, na hapa ndo nataka utulie maana watu wanahangaika na mashine wakati beji inaharibikia kwenye kompyuta. Beji ni 58 lakini karatasi unayokata ni kubwa zaidi, ya kwangu inataka duara la 70 (pima ya kwako, zinatofautiana kidogo), ile ziada inakunjwa kwenda nyuma. Maana yake rangi ya nyuma ifike hadi mwisho wa 70, ila jina la timu na picha vikae ndani ya 50, ukizidisha hapo herufi zinaanza kuteremka ukingoni. Vijana wangu mwaka wa kwanza walichora mduara mwembamba wa dhahabu kuzunguka ukingo, kwenye skrini ulipendeza kweli, kwenye beji ukawa upande mmoja mnene upande mwingine umepotea kabisa, kwa sababu huwezi kuikata karatasi ikae katikati kwa uhakika wa nusu milimita mara 200, haipo. Ukingo uache mtupu, rangi moja iliyokolea. Na kama mkuu wa shule anataka nembo ya shule na kaulimbiu na majina ya wafadhili watano, mwambie kwa heshima kwamba hivyo viende kwenye bango, beji inasomwa na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwako. Sisi tuliishia na kichwa cha roboti yetu na jina la timu, na mwaka kwa maandishi madogo chini, zikagombaniwa.

Kupanga kwenye karatasi kuna ujanja mmoja aliugundua dada wa Fomu Tri sio mimi. Duara za 70 kwenye A4 ukizipanga mistari iliyonyooka zinaingia 8 tu, kwa sababu tatu kwa upana ni 210 kamili na printa haifiki ukingoni. Yeye akazipanga kwa kupishana, safu ya kwanza nne, ya katikati tatu zikikaa kwenye mianya, ya mwisho nne. Zikaingia 11! Kwa beji 200 badala ya karatasi 25 unaprinti 19, na mkiwa mnalipia buku kwa kila karatasi ya rangi steshenari hiyo ni hela ya soda za waliokata. Karatasi iwe ya kawaida, gramu 80 hadi 100 inatosha, yule atakayekuambia ngumu ndo nzuri mkatalie, ngumu inakunjamana ukingoni na inang'ang'ania mashine. Na printi kwa leza. Zile za wino wa maji, kidole chenye jasho la Dar kikigusa kabla hujafunika na nailoni umeshaharibu.

Kukata tafuteni kikata duara, mashine nyingi zinauzwa nacho. Mkasi sahau. Nilijaribu na mkasi beji kumi tu, zikatoka na mikunjo pembeni kama kanzu iliyolaliwa.

Siku ya kubana yenyewe: tulikaa maabara ya sayansi vijana sita, kesho yake asubuhi ndo safari. Kwenye mashine kuna vikombe viwili. Cha kwanza unaweka kibati, juu yake karatasi, juu yake nailoni, unashusha mkono, vyote vinapanda juu na kubaki mle, ukiangalia unaona pametupu na mgeni lazima aulize "mwalimu imeenda wapi?" Usiogope. Unahamishia kikombe cha pili chenye mgongo, pini ikiangalia chini, unashusha tena, kraa, beji hiyo. Tukaweka utaratibu, mmoja anakata, mmoja anatenganisha nailoni, mmoja anapanga, mmoja anabana, mmoja anakagua, mmoja kazi yake stori.

Anayetenganisha nailoni ndo kiungo muhimu na hakuna anayemheshimu. Zile nailoni zinagandana, ukiweka mbili mashine inakataa kufunga, na kwa macho huoni, mpaka uzisugue kwa vidole. Vibati pia vinagandana viwili viwili, hiyo ndo mbaya zaidi, kinanasa humo ndani na unaanza kuchokoa kwa bisibisi. Ukisikia mkono mgumu kuliko kawaida ACHA, usiupande. Kuna kijana wangu mwenye nguvu aliupanda kwa uzito wote, tukapoteza dakika arobaini. Kitu kingine, zimeni feni. Tuliwasha feni ya darini sababu ya joto, nailoni mia na kitu zikapaa maabara nzima kama kumbikumbi, tukazifuata chini ya meza kwa tochi za simu.

Ila lililoniuma ni hili. Tumefika kama beji ya sitini, tunapongezana, binti mmoja akajibandika moja kifuani, akasema mwalimu mbona roboti imelala? Pini inatakiwa ilale sambamba na maandishi, kwa juu kidogo, sisi tulikuwa tunaweka mgongo vyovyote unavyokuja. Tukazikagua zote, arobaini na moja ziko upande upande, nyingine kichwa chini miguu juu. Na beji ikishabanwa haifunguliki bila kuiua. Kuanzia hapo tukapiga alama ya makapeni kwenye kikombe cha kwanza juu kabisa, na kwenye cha pili mstari wa pini ukae wapi, ikawa haikosei tena. Kwa hiyo wewe bana moja, ivae, jiangalie kwenye kioo, ndo uendelee na 199.

Zile 41 hatukutupa. Vijana walizigawa kwa kusema "roboti yetu ilianguka", na si uongo maana kweli ilianguka raundi ya pili, zikaisha kabla ya zile nzima.

Nunua vifaa vya 230 kwa beji 200, zitaharibika tu. Kama mtauza, sisi tuliuza buku mbili kwa wazazi siku ya mahafali, na mtoto akiwa na picha yake kwenye beji mzazi haulizi bei. Watoto wa msingi msiwape zenye pini, kuna migongo ya sumaku, ila hiyo ni ghali na nayo uhakikishe inaingia kwenye mashine yako.

Ukipata mashine ya kuazima niambie saizi nikutumie faili la ule mpangilio wa 11, ni wa duara za 70, kama yako ni tofauti dada yule yupo Fomu Foo sasa, nitamwomba akurekebishie.