Chablis 2014 au 2018: uanze na ipi?

Dada, umeuliza ufungue ipi kwanza kati ya chupa zako mbili za Chablis Premier Cru (divai nyeupe ya daraja la juu), ya 2014 au ya 2018. Fungua ya 2018.

Zote ni zabibu za Chardonnay kutoka kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, ila miaka yake haifanani. 2018 ulikuwa mwaka wa joto na ukavu: zabibu ziliiva sana, sukari ikapanda, uchachu ukapungua. Divai ya namna hiyo hupendeza mapema. 2014 kiangazi kilikuwa cha baridi, kisha Septemba ikaleta jua. Zabibu zikaiva bila kupoteza uchachu wake. Na uchachu ndio unaoibeba divai nyeupe kavu, yaani isiyo na utamu, miaka mingi. Ladha za limau na tufaha bichi hupungua taratibu, zikaja za asali, lozi za kukaanga, hata uyoga. Mimi naipenda mno hatua hiyo.

Kuhusu udongo, mashamba bora ya Chablis yako kwenye miteremko ya mfinyanzi na chokaa iliyojaa magamba ya chaza wadogo wa kale. Usidhani mizizi hunyonya ladha ya chaza. Udongo ule huhifadhi maji na kuyatoa kidogo kidogo, mzabibu usiteswe na kiu. Petit Chablis, daraja la chini la Chablis, nyingi hutoka juu zaidi, kwenye chokaa ngumu. Hizo nywa zikiwa changa.

Ile ya 2014 ilaze gizani, kwenye nyuzi 12 hivi. Jikoni usiiweke kabisa, joto litaizeesha vibaya.