Kabla hujaandika "laana" ya watoto wa Our Gang

Wengi mnaoniletea makala zenu za kwanza kuhusu watoto walioigiza Our Gang, vile vichekesho vifupi vya filamu vya Marekani, mnaanza na laana, eti wote waliandamwa na mikosi. Siwalaumu, hata mimi nilianzia huko huko. Carl Switzer, yule Alfalfa wa nywele zilizosimama, alipigwa risasi Januari 1959 akiwa na miaka 31, kwenye ugomvi wa dola 50. Ukishaisoma hiyo, nyingine zote unaziona hazina ladha. Lakini vichekesho vile vilikuwa 220, kuanzia 1922 hadi 1944, na watoto waliopita humo ni wengi. Kwenye kundi kubwa hivyo, waliokufa vibaya hawawezi kukosekana. Jean Darling na Dickie Moore waliishi mpaka 2015. Mbona hao laana haikuwaona?

Kilichonitia adabu mimi ni Buckwheat, mtoto mwingine wa Our Gang. Nilikuwa naandikia kipindi cha redio, nikaweka kwamba amezeekea Arizona, anawafungashia wateja bidhaa kwenye supamaketi. Habari nilikuwa nayo mkononi, imekatwa gazetini, tena ina picha. Toleo la wiki iliyofuata sikulitafuta. Kumbe yule mzee hakuwa yeye! Oktoba 1990 kipindi cha 20/20 cha televisheni ya ABC kilimhoji akajitambulisha kuwa Buckwheat, na Marekani nzima ikaamini. George McFarland, yaani Spanky wa Our Gang mwenyewe, alikuwa bado hai, akasema huyo si mwenzetu. ABC ikalazimika kujisahihisha. William Thomas, Buckwheat wa kweli, alikuwa amefariki miaka kumi nyuma, Oktoba 1980. Baada ya jeshi alifanya kazi kampuni ya filamu za rangi ya Technicolor, fundi wa maabara ya filamu. Mwiba wa kujichoma: masahihisho niliyasoma hewani mimi mwenyewe.

Kwa hiyo kila mtoto mfungulie kadi. Jina la kuzaliwa, jina la kwenye filamu, mwaka alioingia, alipotoka, alipofariki, na nani mwingine aliwahi kupewa jina hilo. Hapo pa mwisho msiparuke. Jina la Buckwheat lilianza kwa msichana, na Thomas mwenyewe alipoanza alivalishwa kama msichana. Farina, ambaye ni Allen Hoskins, mvulana, walimfanyia mchezo ule ule. Ukifuata jina la utani tu utamzika mtu na kumfufua kwenye aya moja.

Halafu ulizeni mshahara ulipokelewa na nani. Mimi huanza na Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin (msimwingize Our Gang, hakuwahi kuwamo). Alipofika utu uzima akakuta mama yake na baba wa kambo wametafuna karibu mamilioni yote. Akawashtaki 1938, na mwaka uliofuata California ikapitisha sheria inayoitwa kwa jina lake. Watoto wa Hal Roach, mtayarishaji wa Our Gang, ziliwakuta za aina nyingine: 1955 vichekesho vyao vilianza kurushwa kwenye televisheni kwa jina The Little Rascals, vikarudiwa miaka na miaka, wao wasipate hata senti.

Na mkiona mtoto analia vizuri mno, ulizeni amelizwaje. Jackie Cooper alitoka Our Gang akaenda kuigiza Skippy, 1931, akateuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka tisa. Mwongozaji alikuwa mume wa dada wa mama yake. Ili machozi yatoke, alimwambia mbwa wake atapigwa risasi. Cooper alikuja kuyasimulia ukubwani.

Ninayempenda zaidi ni Matthew Beard, yaani Stymie wa Our Gang, mwenye kofia ya duara aliyopewa na Stan Laurel. Ujira wake wa utotoni ulilisha ndugu zake kibao. Ukubwani akazama kwenye heroini, akafungwa, akatoka, akajitibu Synanon, kituo cha waraibu wa dawa za kulevya, akarudi kuigiza mpaka karibu na kifo chake 1981. Kadi yake imejaa mbele na nyuma, na ya pili nimeianza.