Maswali na Majibu: Kumwandaa Mtoto Kabla ya Kwenda kwa Daktari

Swali: Mwanangu wa miaka minne huanza kulia tukifika tu getini mwa kituo cha afya. Nimwambie mapema, au nimfiche mpaka tufike?

Jibu: Usimfiche. Kwa umri wake inatosha kumweleza jioni ya kuamkia safari, au asubuhi akinywa chai, kwa maneno machache yanayofuata mpangilio atakaoukuta: mtasubiri kwenye benchi, muuguzi atampima uzito na joto, daktari atamsikiliza kifua, na huenda akatobolewa kidole maabara ili apimwe malaria. Mwache naye ampime mdoli wake, au akupime wewe. Akiuliza kama itauma, mjibu kwamba itauma kidogo na itapita upesi, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa kuwa hataumia, kisha akachomwa, hatakuamini safari nyingine, hata siku ambayo kweli hakuna sindano.

Swali: Bibi yake humwambia, "Usipokula nitamwita daktari akuchome sindano." Nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima?

Jibu: Wengi wetu tumelelewa kwa tishio hilo, lakini linamfundisha mtoto kwamba sindano ni adhabu, na anaweza kuficha maumivu akiumwa. Zungumza na bibi faraghani, kisha umwombe yeye ndiye amsimulie mjukuu wake kazi ya daktari; mtoto aliyezoea kumsikiliza bibi atayapokea maelezo hayo kwa urahisi zaidi.

Swali: Chanjo ya surua na rubella ya miezi 18 imekaribia. Nimshikeje?

Jibu: Mpakate akiwa ameketi wima, badala ya kumlaza, umkumbatie kwa uthabiti ili mkono unaochomwa usitikisike. Katika mapendekezo yake ya mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo, na pia kumnyonyesha mtoto wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Kwa hiyo kama bado ananyonya, mwambie muuguzi mapema. Mvalishe nguo ya mikono mifupi, na usisahau kadi ya kliniki.

Swali: Nimpe pipi asipolia?

Jibu: Mpe kitu akipendacho, alie asilie. Kulia si kosa, na mtoto anayetuzwa kwa kunyamaza huzoea kunyamazia hata maumivu ambayo daktari anahitaji kuyajua.