Kwa nini Bruins, timu ya hoki ya barafu ya Boston, walistaafisha jezi ya Willie O'Ree

Umeuliza mtu mwenye magoli 4 tu NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, jezi yake inapandishwaje darini, ndugu yangu hapo usihesabu magoli. O'Ree ndo mweusi wa kwanza kucheza ligi ile, 18 Januari 1958, na jicho la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa, lilipigwa na kile kidude cheusi wanachochezea, akaificha siri maana wangejua wasingemruhusu, yani winga wa kushoto pasi ikitoka kulia mpaka ageuze shingo nzima ndo aione na huku mashabiki wanamtukana kwa rangi yake. Mechi 45 jumla. Sasa tarehe ileile 2022, miaka 64 kamili, bango la namba 22 likavutwa mpaka juu TD Garden, uwanja wa Bruins, mzee ana miaka 86 anaangalia kwa video tu sababu ya korona. Maana yake Bruins hakuna tena atakayepewa 22. Na mtoto mweusi akiingia pale akainua macho anaiona imening'inia pamoja na ile 4 ya Bobby Orr, gwiji wa Bruins, mi hiyo inanigusa sana aisee