Jina la mtoto ambaye hamjajua jinsia yake

Dada, kwa kuwa hamjajua kama ni wa kike au wa kiume, mimi nasema Amani. Sisi tumelipata kwenye Kiarabu, usalama. Ila binti wa Kiarabu akiitwa Amani, hilo ni neno jingine: mambo yanayotamaniwa. Zote maana nzuri!

Tumaini nalo nalipenda mno. Darasani kwetu Moshi walikuwa wawili, mvulana na msichana. Mwalimu akiita mahudhurio wanaitika "nipo" kwa pamoja. Masingasinga wana njia yao ya kutofautisha jinsia: Harpreet, yaani upendo kwa Mungu, ni la wote, kisha wa kiume huongezewa Singh, wa kike Kaur. Ujifungue salama, dada.