Ampu ya gita la nyuzi saba: usikilize kwanza uzi wa B

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza: "Kaka, nimepata gita la nyuzi saba, sasa ninunue ampu gani yenye gaini kubwa?" Nami humuuliza kama huo uzi wa saba ameshausikia ukipigwa vizuri. Gaini, yaani nguvu ya kuisukuma sauti ya gita hadi ikwaruze, siku hizi ipo hata kwenye ampu (kikuza sauti) ndogo ya chumbani. Ampu ya kuutafutia pesa ni ile inayoushika uzi wa B usimwagike.

Uzi mnene wa gita la kawaida ni E, unaotikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa saba, B, unashuka hadi 62. Ukiulegeza ufike A, kama bendi ya Korn walivyofanya kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1994, unapata 55. Sauti nzito namna hiyo ina nguvu nyingi, na ikiingia kwenye gaini inajaza nafasi yote, nyingine zinazama humo. Ndipo unaziba nyuzi kwa kiganja, unapiga kwa kasi, na badala ya mapigo yaliyoachana unasikia mngurumo mmoja wa lori lililokwama matopeni.

Mimi hilo nililijua kwenye chumba cha mazoezi hapa Nairobi. Nilikuwa nimeweka gaini 10, besi (sauti nzito) 9, midi (sauti za kati) nimeziua kabisa. Nikipiga peke yangu, sauti ilijaa chumba na nikaipenda. Ngoma na gita la besi zilipoingia, gita halikusikika tena. Mpiga besi wetu alisogea kwenye ampu yangu bila kusema neno, akarudisha gaini hadi 5, besi hadi 4, midi akazipandisha hadi 6. Tukarudia kipande kile kile, na kila pigo likasimama lenyewe. Ampu haikubadilika, ni ile ile niliyokuwa nikiilaumu wiki nzima.

Sababu yake ni kwamba kule chini ni kwa mpiga besi. Uzi wake wa E uko 41, na B yako ya 62 iko mlangoni kwake. Sikio linaitambua B ya gita kupitia sauti zinazopanda juu yake, 123, 185, 247 na kuendelea. Hizo ndizo ampu yako inapaswa kuzitoa safi. Midi ni rafiki yako, hata kama video nyingi zinakuonyesha watu wakizishusha.

Sasa ampu zenyewe. Peavey 5150 ilitoka mwaka 1992, ikatengenezwa pamoja na Eddie Van Halen, mtu wa roki na wa nyuzi sita. Lakini wapigaji wa metali ndio walioishikilia, kwa kuwa ina wati 120 na inajibu haraka unapoziba nyuzi. Van Halen alipoachana na Peavey, ampu hiyo ikaitwa 6505. Kwa mtu wa nyuzi saba anayetafuta iliyotumika, mimi naanzia hapo. Mesa Boogie Dual Rectifier ina kifua kipana zaidi, ukuta wa sauti hasa, ila besi yake inalegea usipoichunga. Ukikutana na yenye swichi ya kuchagua valvu (zile taa za kioo) au dayodi kwenye upande wa umeme, weka dayodi, inakaza.

Kabla hujaikataa ampu inayolegea, weka mbele yake pedali (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu) ya aina ya Tube Screamer. Drive (ukwaruzaji) iwe sifuri au karibu na hapo, level (kiasi cha sauti) ipandishe. Pedali hiyo inapunguza sauti zilizo chini ya mitikisiko 720 hivi kwa sekunde, kwa hiyo besi inakatwa kabla haijafika kwenye gaini. Kile kizito unakirudisha baadaye kwa kitufe cha besi cha ampu. Besi ipunguzwe mbele, iongezwe nyuma. Pedali hiyo imeokoa ampu nyingi ambazo wenyewe walikuwa wameshazitangaza kuuzwa.

Wati zisikusumbue sana. Ampu ya wati 100 inaizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 tu, kitu ambacho sikio linakiona kidogo. Spika zina uzito kuliko hapo. Kabineti (sanduku la spika) dogo lililo wazi nyuma litaichosha B hata kwa ampu bora. Tafuta lililofungwa, na ukiweza liwe na spika za inchi 12.

Kuna jambo moja ambalo ninaomba mlisome mara mbili. Ampu nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120. Umeme wetu ni 240. Yangu ya kwanza muuzaji aliniambia "chomeka tu", nikachomeka, na moshi ulitoka kabla sijashika gita. Geuza ampu, soma nyuma. Kama ni 120 tupu, nenda Luthuli Avenue ununue transfoma ya kushusha, na ukadirie kwa wati ambazo ampu inakula, si zile inazotoa kwa spika. Zile inazokula ndizo nyingi. Na ampu ya valvu usiiwashe ukapiga bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma ya ndani.

Siku ya kwenda kununua beba gita lako mwenyewe, lenye nyuzi unazotumia na tuni yako. Weka gaini katikati. Piga B wazi huku umeziba kwa kiganja, polepole kwanza, kisha kwa kasi yako yote, halafu ukate ghafla. Usisikilize pigo, sikiliza ule ukimya katikati ya mapigo. Ukimya ukiwa safi, ampu inakufaa. Ukisikia mkia wa mngurumo, punguza besi ujaribu tena, na ukiendelea kuusikia, mshukuru muuzaji uende zako. Simama hatua tatu mbele ya kabineti, uchuchumae spika zikulenge masikioni, kwa sababu ukisimama juu yake trebo (sauti kali za juu) inakupita magotini. Na mpiga besi wako mwende naye.